Rafu ya mtoto mpenda mitambo: shajara ya kuchagua vitabu

Mradi ni kujaza rafu moja ya vitabu kwa ajili ya mtoto wa miaka 9 ambaye kitu chenye skrubu hakimpiti bila kufunguliwa. Hesabu iliyokusudiwa ni vitabu 12, na kila kimoja lazima kipite majaribio mawili. Kwanza, picha zake zifuatike kwa kidole, kuanzia mahali nguvu inapoingia hadi inapotokea. Pili, angalau kazi moja iliyomo ijengwe na mtu mzima kwa kufuata maneno ya kitabu peke yake, bila kujazia kwa ujuzi wake. Kinachoshindwa hurekebishwa kwa kikaratasi kinachobandikwa ndani, au kinaondoka. Gharama hapa zinaandikwa kwa vifaa vilivyotumika na vilivyoharibika, kwa sababu hivyo ndivyo atakavyovihitaji anayetaka kuiga.

11 Januari 2025: Msomaji apimwe kwanza

Umri unaoandikwa nyuma ya kitabu husema kitu kuhusu urefu wa sentensi. Kuhusu mitambo hausemi lolote. Mtoto aliyezoea kufungua pampu ya baiskeli husoma mchoro wa vali haraka kuliko mtu mzima ambaye hajawahi kushika spana. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kitabu hata kimoja, viliwekwa mezani vitu vitatu: kalamu ya kubofya, kitasa kilichokufa na pampu ya baiskeli. Kazi ilikuwa kuchora kilichomo ndani kabla ya kufungua, kufungua, kisha kuchora tena.

Michoro ilionyesha kwamba mpangilio wa vipande anauelewa vizuri. Tatizo lilikuwa mchoro wa mkato, yaani kitu kilichochorwa kana kwamba kimepasuliwa katikati: kitasa cha namna hiyo alikisoma kama kitasa kilichovunjika. Nusu ya vitabu vya mitambo huzungumza kwa michoro hiyo, kwa hiyo kununua kabla ya kutibu hili ni kupoteza fedha.

Maelezo ya mdomo hayakufua dafu. Kilichofaa ni kalamu halisi. Kalamu ya plastiki iliyokwisha wino ilizungushiwa kitambaa, ikabanwa kwenye jiriwa, ikakatwa kwa urefu wake kwa msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, na kingo zikalainishwa kwa msasa. Springi na mrija wa wino havikukatwa. Vilirudishwa vizima ndani ya nusu iliyobaki. Nusu hiyo ikalazwa juu ya karatasi na kuzungushiwa penseli. Palipopita msumeno pakatiwa mistari ya mshazari, palipo wazi pakaachwa peupe. Tayari ni mchoro wa mkato kama ule wa vitabuni, pamoja na desturi yake moja ambayo vitabu vya watoto havielezi: wachoraji wa mitambo hawapasui shafti, bolti wala gololi kwa urefu wake, huziacha nzima ili zionekane.

Kalamu ya pili ilifunguliwa na vipande vyake kupangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka, kwa mfuatano wa kuingia, kila kimoja kikachorwa mahali pake. Huo ndio mchoro wa vipande vilivyotenganishwa, na hapo hapakuwa na shida yoyote.

Hasara: kalamu moja ya plastiki angavu ilipasuka kwenye jiriwa. Plastiki hiyo ni ngumu lakini haina mnyumbuko. Tumia kalamu ya plastiki laini isiyopitisha mwanga.

25 Januari: Kukusanya

Hatua ya kawaida, haina mengi. Katika maktaba zinazotumia mpangilio wa Dewey, namba za kuanzia ni 621 (mitambo kwa jumla), 629 (magari, baiskeli, ndege), 681 (saa na vipimio) na 683 (kufuli na vifaa vya chuma). Pita namba hizohizo upande wa watu wazima pia. Vitabu viwili vilivyokuja kuwa nguzo ya rafu hii vilitoka huko.

Vilivyoachwa bila kujaribiwa ni vile vyenye picha kubwa za malori yanayong'aa na jina la kila lori chini yake. Mtoto wa namna hii huvimaliza kwa dakika chache, kisha hana la kufanya navyo.

8 Februari: Jaribio la kidole

Weka kidole mahali nguvu inapoingia: pedali, hendeli, pistoni, kamba inayovutwa. Fuata. Kila unapofika kwenye kiungo, jiulize kinachofuata kinageukia wapi na kwa kasi gani. Kidole kikikwama, ama mchoro umeficha kipande, ama mchoraji mwenyewe hakuelewa. Mambo haya manne yalikamata vitabu vingi kuliko yote:

Gia tatu zilizoshikana kwa duara, kila moja ikigusa nyingine mbili. Hii haizunguki. Gia mbili zinazogusana hugeuka kinyume, kwa hiyo ya kwanza ikienda kulia ya pili itaenda kushoto, na ya tatu itatakiwa kwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mduara uliofungwa wenye idadi witiri ya gia umejifunga wenyewe. Picha hiyo hupendwa sana kwenye majalada. Jalada peke yake halitoshi kukikataa kitabu, kwa sababu huenda mwandishi hakulichora yeye. Ikionekana ndani kama mfano wa mashine, kitabu hakifai.

Roda. Wepesi wa kuinua hutokana na idadi ya kamba zinazolishika roda linalopanda na mzigo. Kitabu kimoja kilihesabu na kamba inayoshuka mkononi kutoka roda lililofungwa juu, kikasema mzigo umegawanywa kwa tatu badala ya mbili. Hilo lilitibika kwa kikaratasi: "Hesabu kamba zinazotoka kwenye roda linalosogea tu."

Injini ya mipigo minne. Kila vali hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni), hivyo gurudumu la meno la kamshafti (shafti inayofungua vali) lazima liwe na meno mara mbili ya lile la krankshafti. Hesabu meno kwenye picha. Yakiwa sawasawa, injini hiyo haiwezi kufanya kazi. Kisha tazama picha ya mpigo wa nguvu: vali zote mbili ziwe zimefungwa. Imekuwa ya kushangaza ni vitabu vingapi vinaacha moja wazi ili picha ipendeze.

Baiskeli. Mnyororo wa baiskeli ya kawaida uko upande wa kulia wa mwendeshaji. Ukiuona kushoto, picha imegeuzwa wakati wa kupanga kurasa, na basi kila mshale kwenye ukurasa huo unatiliwa shaka.

Jaribio hili ni la dakika kumi kwa kitabu na ndilo lililoondoa vingi zaidi. Fanya hivi dukani au maktabani, si baada ya kulipa.

22 Februari: Mota ya waya na betri

Karibu kila kitabu cha kazi za mikono cha umri huu kina mota ndogo: koili ya waya wa shaba wenye vanishi, ikikaa juu ya pini mbili za kushikia nguo, betri ya volti 1.5 ya ukubwa wa D na sumaku chini. Ni kipimo kizuri, kwa sababu mwandishi aliyeijenga kweli hutofautiana waziwazi na aliyenakili.

Ilijengwa kwa maneno ya kitabu: waya wa milimita 0.5, mizunguko 10 kuzunguka betri, ncha mbili zikibaki nje, "kwangua vanishi kwenye ncha." Vipimo vinakubaliana. Betri ya D ina kipenyo cha takriban milimita 34, kwa hiyo mizunguko 10 hula kama mita 1.1, na ncha mbili za sentimita 5 hufikisha mita 1.2. Koili ikawekwa, ikatikisika, ikasimama. Ikasukumwa kwa kidole, ikatikisika tena, ikasimama.

Kosa liko kwenye neno "kwangua". Ncha zote mbili zikikwanguliwa pande zote, umeme hupita muda wote. Sumaku huisukuma koili nusu mzunguko, kisha katika nusu ya pili huirudisha ilikotoka. Inabaki kuyumba. Ncha moja ikwanguliwe pande zote. Ya pili ikwanguliwe nusu tu ya duara lake, ili umeme ukatike katika nusu ya mzunguko na koili ipite kwa kasi iliyokwisha kuipata. Namna ya kuipata nusu hiyo: simamisha koili wima kama gurudumu lililo barabarani, laza ncha juu ya ukingo wa meza, sugua kwa msasa upande wa juu peke yake. Usiizungushe ncha.

Mengine yaliyojitokeza wakati wa kurekebisha:

Vanishi ya waya huu mara nyingi ni angavu na waya huonekana kama shaba tupu. Mtoto atasema ameshakwangua. Sehemu iliyokwanguliwa hubadilika rangi, huwa nyepesi na haing'ai kama mwanzo. Mwonyeshe kipande cha mfano chenye pande zote mbili.

Waya wa milimita 0.2, ambao kitabu kingine kiliushauri, haukuweza kubeba uzito wa koili yake. Ncha zilipinda na koili ikagusa sumaku.

Ncha zisipokuwa kwenye mstari mmoja unaopita katikati ya duara, koili hulemea upande mmoja. Zungusha kila ncha mara mbili kwenye fundo la koili, moja ikitazamana na nyingine, kabla ya kuinyoosha.

Waya huu wote una ukinzani wa kama omu 0.1, maana yake koili ikisimama umeshapiga shoti. Betri na pini hupata joto la kuunguza vidole. Kitabu kilichoacha kusema "ondoa koili mara isipozunguka" kilipata kikaratasi chekundu.

Matokeo: kitabu kimoja kati ya vilivyojaribiwa kilieleza nusu ya ncha na kuchora. Kimepita bila marekebisho. Viwili vimebaki na vikaratasi. Gharama: waya mita 6, betri mbili zilizokwisha, msasa nusu karatasi. Sumaku zilizotumika ni zile nyeusi za kauri, kubwa kama kifuniko cha chupa. Vitabu vinavyodai sumaku ndogo kali za neodimi havikuwekwa, kwa sababu mbili zikimezwa hushikana kupitia kuta za utumbo, na nyumba ina mtoto mdogo pia.

15 Machi: Mkono wa mabomba ya sindano

Mkono wa kunyanyua unaoendeshwa kwa maji: mabomba ya sindano ya mililita 20 na 5, neli ya plastiki yenye kipenyo cha ndani cha milimita 4, kadibodi, vijiti.

Kitabu kilisema bomba la 20 lina nguvu mara nne ya bomba la 5. Hapo mwandishi amegawanya ujazo. Nguvu hufuata eneo la pistoni, na bomba kubwa ni nene zaidi na refu zaidi pia. Pima: kipenyo cha ndani cha bomba la 20 ni karibu milimita 19, cha bomba la 5 ni karibu 12. Maeneo yake yanatofautiana kwa kama mara 2.5. Kikaratasi kina kipimo hicho na swali moja: "Pistoni ndogo ikisogea sentimita 5, kubwa itasogea ngapi?" Jibu ni sentimita 2, na mtoto analipata kwa rula.

Kasoro ya pili ni hewa. Kitabu kinasema jaza maji, basi. Mapovu yaliyobaki kwenye neli hubanwa kama springi, mkono hukawia halafu huruka. Dawa yake: zamisha kila kitu kwenye beseni, vuta na sukuma maji mpaka mapovu yaishe, na uunganishe vyote vikiwa bado chini ya maji. Pistoni moja iwe ndani kabisa na nyingine nje kabisa wakati wa kuunganisha, la sivyo moja itafika mwisho kabla ya kazi kwisha.

Kitabu kimebaki. Kina picha nzuri na makosa mawili yanayotibika.

29 Machi: Vitabu vinavyofundisha kufungua vitu

Kundi hili ndilo linalompendeza zaidi mtoto wa aina hii, nalo ndilo lililochujwa kwa ukali kuliko yote. Kigezo ni kimoja: kitabu kianze na orodha ya visivyofunguliwa kabla ya orodha ya vinavyofunguliwa. Visivyofunguliwa ni hivi, hata kama vimechomolewa:

Oveni ya maikrowevu, kwa sababu kapasita yake, yaani kipande kinachohifadhi chaji ya umeme, hufanya kazi kwa zaidi ya volti 2,000 na huweza kubaki na chaji. Kamera yenye taa ya flashi, hata zile ndogo za kutupwa: kapasita yake huwa na takriban volti 300. Televisheni ya kioo kinene cha zamani. Kisanduku cha umeme cha kompyuta. Betri za lithiamu za simu, ambazo bisibisi ikizitoboa huwaka. Springi ya mlango wa gereji.

Kitabu kimoja chenye picha safi kabisa kilianza na kamera ya flashi kama kazi ya kwanza, bila neno moja kuhusu kapasita. Kimeondoka. Hakuna kikaratasi cha kutibu hilo.

Saa ya mezani ya kupiga ufunguo inastahili mistari yake. Ni kitu kizuri sana cha kufungua, mradi springi kuu ilegezwe kwanza. Ukiondoa bamba la juu springi ikiwa imejaa, magurudumu huzunguka kwa fujo, meno hukatika na kingo za springi hukata vidole. Kitabu kinachofaa kinaeleza hivi: shika ufunguo kwa nguvu, bonyeza kile kidole kidogo cha chuma kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma, acha ufunguo urudi polepole ukiwa mkononi, achia kidole, shika upya, rudia mpaka ulegee. Saa mbili zilifunguliwa kwa njia hii na zote zilirudishwa zikafanya kazi.

Printa mbovu ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi ya gia, shafti, springi na mota. Mtu mzima aondoe kwanza sehemu ya umeme na wino.

Bisibisi: za nyota namba 0, 1 na 2, na bapa moja. Skrubu nyingi huharibika kwa sababu mtoto ametumia namba 1 kwenye skrubu ya namba 2. Bisibisi ndogo huingia, huzunguka, hula kichwa. Skrubu hupangwa kwenye kadibodi iliyochorwa umbo la kifaa, kila moja ikichomekwa pale ilipotoka. Kitabu kisemacho "ziweke kwenye kikombe" hakijui urefu wa skrubu hutofautiana, na skrubu ndefu mahali pa fupi hutoboa upande wa pili.

19 Aprili: Gia za kadibodi na michoro ya mwaka 1868

Kati ya vyote vilivyokusanywa, kilichotumika zaidi hakikuandikiwa watoto. Ni mkusanyiko wa Henry T. Brown wa mwaka 1868 wenye michoro 507 ya miendo ya mitambo. Kila mchoro una namba. Ukurasa mmoja ni michoro, unaotazamana nao ni maelezo mafupi. Hakimiliki imekwisha, hivyo hupatikana bure mtandaoni na huchapwa upya kwa urahisi. Hakuna rangi, hakuna wanyama wanaochekesha, na hilo halijaleta malalamiko. Mtoto huchagua namba kisha huijenga.

Tatizo ni kujenga. Kitabu cha kazi za kadibodi kilichowekwa kando yake kinashauri gia za kadibodi yenye mawimbi: menya karatasi ya upande mmoja, kata ukanda, ubandike kuzunguka kisahani cha sentimita 5 na kingine cha sentimita 10. Zilizunguka, zikawa zinakwama mara moja kwa kila mzunguko, mahali ukanda ulipoungana.

Sababu ni hesabu. Mawimbi ya kadibodi iliyotumika yana nafasi ya milimita 8 kutoka bonde hadi bonde. Kisahani cha milimita 50 kina mzingo wa 157, ambao ni meno 19.6. Cha milimita 100 kina 314, meno 39.3. Hakuna gia yenye sehemu ya jino. Anza na meno, kisha tafuta kipenyo: meno mara nafasi, gawa kwa 3.14. Meno 20 hutaka kisahani cha milimita 51, meno 40 hutaka 102. Tofauti ni milimita moja au mbili, nayo ndiyo tofauti kati ya gia na takataka.

Nafasi ya mawimbi ipime mwenyewe kila unapobadilisha boksi: pima mawimbi 10 kwa pamoja, gawa kwa 10. Karatasi ya juu ilowanishwe kidogo kwa sifongo kabla ya kumenywa. Ikilowa sana mawimbi hulala na hayasimami tena. Upana wa ukanda uwe milimita 10, na kisahani kiwe cha tabaka mbili ili ukanda upate pa kushika. Umbali kati ya mihimili ya gia hizi mbili ni karibu milimita 80, lakini usitoboe tundu la duara kwa mhimili wa pili. Toboa tundu refu, kutoka 78 hadi 84, sogeza mpaka zishikane bila kubanana, ndipo ufunge. Gia ya meno chini ya 16 haikufaa: ukanda ukipindwa kwenye duara dogo, vilele vyake huachana kupita kiasi na havikai kwenye mabonde ya mwenzake.

Mhimili wa kijiti cha milimita 3 ukipitishwa moja kwa moja kwenye kadibodi hupanua tundu ndani ya nusu saa. Weka kipande cha mrija wa kunywea kama bushi, yaani kinga ya tundu.

Kitabu cha kadibodi kimebaki na kikaratasi cha hesabu. Gharama: maboksi mawili makubwa, gundi nyeupe mililita 100, na ukanda mwingi uliotupwa.

10 Mei: Miongozo ya mafundi

Kitabu cha pili kutoka rafu ya watu wazima ni mwongozo wa kutengeneza baiskeli. Kuna swali moja la kuupima mwongozo wa baiskeli bila kusoma kurasa zake zote: je, unasema kwamba pedali ya kushoto ina uzi (mizunguko ya skrubu) wa kinyume? Hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa. Usiposema, mtoto atakaza akidhani anafungua, mpaka uzi wa mkono wa pedali uharibike.

Kando yake kuna orodha ya vipuri ya cherehani, ile inayotolewa kwa mafundi. Ni kurasa za vipande vilivyotenganishwa, kila kimoja na namba yake. Peke yake haifundishi mwendo, kwa hiyo imewekewa ukurasa mmoja wa mkono unaoeleza mshono: sindano hufika chini kabisa, huanza kupanda, na ikishapanda kama milimita 2 uzi hujikunja kitanzi nyuma yake, hapo ndipo ncha ya ndoana hupita na kukidaka. Geuza gurudumu la mkono taratibu, bamba likiwa limeondolewa na waya wa umeme umechomolewa, na yote yanaonekana.

Vitabu hivi viwili, kama vingi vya aina hii, vimo katika Kiingereza. Kutafsiri maandishi yote kulianzwa kukaachwa. Mtoto hakuyasoma hata kwa Kiswahili. Sasa kila mchoro una namba za penseli, na karatasi moja mwishoni ina majina yanayotumika gereji: nati, washa, beringi, gololi, springi. Hiyo inatosha.

24 Mei: Wavumbuzi

Nafasi mbili zilitengwa kwa vitabu vya maisha ya watu. Vingi vilianguka hapa kwa sababu husimulia sifa na kuacha mashine. Vipimo vilivyotumika ni viwili.

James Watt: kitabu kikisema aligundua injini ya mvuke kwa kutazama birika, kiache. Injini ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini tangu 1712. Watt alipewa kielelezo chake kukitengeneza katika Chuo Kikuu cha Glasgow, akaona mvuke mwingi unapotea kwa sababu silinda ilipozwa na kupashwa moto kila mpigo, akatenganisha chumba cha kupozea. Hataza ni ya 1769. Mtoto fundi anahitaji kuambiwa hilo la kutengeneza.

Ndugu Wright, waliorusha ndege ya kwanza yenye injini: tafuta handaki la upepo la 1901 walimopimia takriban maumbo 200 ya mabawa, na injini ya kama nguvu farasi 12 iliyotengenezwa na fundi wao Charles Taylor kwa wiki sita. Tafuta pia mnyororo: kwa kuwa injini moja iliendesha rafadha mbili zinazozunguka kinyume, mnyororo mmoja ulipishanishwa kama namba 8, ndani ya mirija ili usigongane. Kilichochaguliwa kina mchoro wa mnyororo huo. Vingine vyote vilikuwa na picha ya ndege yao ikiruka 17 Desemba 1903 na maneno matamu.

7 Juni: Kupanga, na kilichobaki

Rafu ina vitabu 10. Vinne vinatazama nje kwa jalada, vilivyobaki vimesimama kwa mgongo, na hubadilishana kazi ikiisha. Kila kitabu cha kujenga kina kisanduku chenye namba yake na vifaa vya kazi moja iliyokwisha kujaribiwa. Kabla ya visanduku, vitabu vilisomwa na kurudishwa. Kitabu kikihitaji waya ambao haupo, jioni hiyo imekwisha. Vikaratasi vimebandikwa kwa gundi upande mmoja tu ili viondoke vikikosewa.

Kisanduku cha mota: waya mita 2.5 wa milimita 0.5, pini 2, betri 1, sumaku 1 ya kauri, msasa. Cha haidroliki: mabomba mawili ya 20, mawili ya 5, neli mita 1. Cha gia: visahani vya 51 na 102 vilivyokwisha kukatwa, ukanda, vijiti, mirija, rula. Cha kufungulia: bisibisi nne, kadibodi ya skrubu, brashi, na kitu kimoja kilichokaguliwa.

Nafasi mbili ziko wazi. Ya kwanza ni ya kufuli. Vitabu vyote vilivyopatikana vinachora pini zenye urefu mmoja chini ya springi, na ufunguo wenye meno ya kupanda na kushuka. Ufunguo wa namna hiyo hauwezi kulifungua kufuli hilo: pini ndefu hukaa kwenye bonde refu la ufunguo na fupi kwenye kilele, ili vichwa vyao vyote vilingane kwenye mstari ambapo silinda hugeuka. Nafasi ya pili ni ya umeme wa sakiti ndogo. Kinachotafutwa ni kile kinachoanza na taa, swichi na betri mbili za AA, na kinachochora sakiti kwa alama na kwa picha ya waya halisi kwenye ukurasa mmoja.